Uzito wa Sufuria Tupu: Niliyojifunza kwa Kupima Chakula Nyumbani

Ndani ya mlango wa kabati langu la jikoni nimebandika karatasi yenye namba tano, ambazo ni uzito wa kila sufuria ya nyumba hii ikiwa tupu na kavu, bila mfuniko. Ile kubwa ina gramu 1,140, na ile ndogo ya maziwa ina gramu 385. Mgeni akiingia jikoni huiangalia karatasi hiyo na kuuliza ni ya nini, nami humweleza kwamba bila namba hizo nisingeweza kujua ninachokula, kwa kuwa katika nyumba ya watu watatu wanaopakua kutoka chungu kimoja, huwezi kusema fungu lako lina nini mpaka ujue chungu kizima kina nini. Ilinichukua karibu miezi miwili kufikia karatasi hiyo, na makosa niliyoyafanya kabla yake ndiyo ninayotaka kuyasimulia, kwa sababu yaliniumiza, na kwa sababu nimewaona wengine wakiyarudia vilevile.

Nilianza kupima baada ya vipimo viwili vya sukari, vyote vikiwa vimechukuliwa asubuhi kabla sijala kitu, kuonyesha kiwango cha milimoli 6.3 kwa lita. Hicho si kisukari, lakini si kiwango cha kawaida pia. Daktari aliniuliza ninakula kiasi gani, nikamjibu kwamba mimi si mlaji. Akauliza tena, kwa upole, wali wangu wa usiku una gramu ngapi na mafuta ninayopikia ni kiasi gani, na mimi niliyepika kwa zaidi ya miaka ishirini sikuwa na jibu la kumpa. Hakunilaumu. Alinitaka nile kama kawaida kwa siku saba, nisipunguze wala nisiongeze, ila nipime na kuandika kila kinachopita kinywani mwangu.

Agizo lile la kutobadilisha chochote kwa wiki nzima ninaliona hadi leo kuwa la busara kuliko yote niliyopewa. Mtu anayeanza kupima na kupunguza siku hiyohiyo hapati kamwe kujua alikuwa anaishije, na baadaye hana cha kulinganisha nacho. Nilisoma baadaye kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 1992 katika jarida la New England Journal of Medicine, ambapo watu waliokuwa wakisema kwamba wanakula kidogo na bado hawapungui walipimwa kwa njia zisizotegemea maneno yao. Chakula walichokuwa wameripoti kilikuwa pungufu kwa wastani wa asilimia 47 ya kile walichokuwa wakila kwa kweli. Siamini kwamba watu wale walikuwa waongo, kwa sababu mimi pia nilipomwambia daktari kwamba si mlaji nilikuwa nasema ninachokiamini.

Siku ya kwanza ilinionyesha mafuta. Kwa miaka yote nilikuwa nikisema kwamba mchuzi wangu huwekwa kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, na kijiko kikubwa kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 14. Siku hiyo niliiweka chupa ya mafuta kwenye mizani kabla ya kupika, nikapika kama nilivyozoea kwa kumimina moja kwa moja sufuriani, kisha nikaipima tena. Zilikuwa zimeondoka gramu 46. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au ya protini hutoa 4, kwa hiyo zile gramu 32 zilizozidi zilikuwa karibu kilokalori 290 ambazo hakuna mtu aliyeziona, ambazo hazikumshibisha yeyote, na ambazo zilikuwa zikiingia katika chakula chetu mara mbili kwa siku. Njia hii ya kupima chupa kabla na baada ya kumimina ndiyo ninayoitumia mpaka sasa. Haichafui kijiko, haimlazimishi mpishi kusimamisha mkono wake, na inafaa kwa kila kitu kinachomiminwa au kuchotwa, iwe asali, maziwa au siagi ya karanga.

Kosa lililoniumiza zaidi lilikuja wiki ya pili, na lilihusu wali.

Nilipima wali uliokwisha kupikwa, gramu 250, nikafungua jedwali la virutubisho na kusoma mstari ulioandikwa mchele. Mchele mkavu una takriban kilokalori 360 kwa kila gramu 100, kwa hiyo nikaandika 900 katika daftari langu na kushtuka. Sikutambua kwamba mchele unapoiva hunywa maji, kiasi kwamba gramu 100 za mchele mkavu huwa karibu gramu 280 za wali, na maji hayo yana uzito lakini hayana kalori hata moja. Wali uliopikwa una takriban kilokalori 130 kwa kila gramu 100. Sahani yangu ilikuwa na kilokalori 325, si 900. Kwa siku kumi na moja nilijiandikia kila siku kilokalori zaidi ya 500 ambazo sikuzila, na ili hesabu isizidi nilijinyima chakula cha usiku, nikawa ninaamka saa nane kwa njaa, kichwa kikiuma, nikiwakaripia watu wa nyumbani bila sababu. Nilidhani hayo ndiyo maumivu ya nidhamu. Mtaalamu wa lishe niliyepelekwa kwake aliangalia daftari langu kwa muda mfupi tu kisha akauliza, “Huu wali uliupima kabla haujapikwa au baada ya kupikwa?” Nikaelewa kabla hajamaliza kusema.

Tangu siku hiyo, kila ninachokiandika kinafuatwa na neno moja: kibichi, kikavu au kilichopikwa. Nyama hudanganya kwa upande wa pili, kwa sababu inapochomwa au kuchemshwa hupoteza maji, na kipande cha gramu 200 kikiwa kibichi kinaweza kutoka motoni kikiwa na gramu 150. Protini karibu yote imebaki humo, takriban gramu 42 kama nyama haina mafuta mengi, lakini mtu akipima zile gramu 150 na kusoma mstari wa nyama mbichi, ataandika kama 31 na kudhani amepungukiwa. Maharage hufanana na mchele: yakiwa makavu yana takriban kilokalori 340 kwa gramu 100, na yakiiva yana kama 130. Kanuni niliyofundishwa ni kupima kila kitu kikiwa kibichi au kikavu inapowezekana, kwa kuwa hali hiyo haibadiliki kutoka mpishi mmoja hadi mwingine, wakati wali wa leo unaweza kuwa na maji mengi kuliko wa jana.

Lakini kanuni hiyo ina ugumu wake kwa anayeishi na watu. Anayepika sahani moja ya mtu mmoja hupima mchele wake mkavu, akaupika na kuula wote, na hesabu imekwisha. Sisi tuko watatu, mimi na mume wangu na mama yangu mzazi, na mchuzi ni mmoja. Ningejuaje ni sehemu gani ya gramu zile 46 za mafuta iliyoingia katika sahani yangu? Kwa muda nilikuwa nikigawa kwa tatu, na haikuwa kweli, kwa kuwa mume wangu hupakua mara mbili na mama hupakua nusu.

Hapo ndipo sufuria tupu ilipokuja kunisaidia. Sasa ninapopika maharage, huweka daftari kando ya jiko na kuandika kila kinachoingia kikiwa kibichi. Mfano wa siku moja ulikuwa hivi: maharage makavu gramu 500, vitunguu gramu 200, nyanya gramu 300, mafuta gramu 60. Ukijumlisha, maharage ni kilokalori 1,700, vitunguu ni 80, nyanya ni kama 54, mafuta ni 540, na jumla ya chungu kizima ni takriban 2,375. Maji siyaandiki. Chakula kikiiva ninaipima sufuria pamoja na kilichomo, na siku hiyo ilikuwa gramu 3,340. Nikitoa uzito wa sufuria tupu, 1,140, kinabaki chakula cha gramu 2,200, na nikigawa ninapata kilokalori 108 kwa kila gramu 100. Kuanzia hapo kila mtu hupakua anavyotaka. Sahani yangu ilikuwa na gramu 350 za maharage hayo, yaani kilokalori 378, na kwa kuwa zile gramu 500 za maharage zilikuwa na protini gramu 110 hivi, fungu langu lilikuwa na gramu 17 na nusu. Kama maji yamekauka zaidi siku nyingine, mizani yenyewe hulionyesha hilo, kwa sababu chungu kitakuwa chepesi na kila gramu itakuwa na uzito mkubwa zaidi wa chakula halisi.

Tahadhari moja ya vitendo: sufuria ya moto haifai kuwekwa moja kwa moja juu ya mizani ya kidijitali, kwa sababu ndani yake mna kipande cha chuma kinachopinda kidogo mno chini ya uzito, na joto hukivuruga kipimo hicho, mbali na kuyeyusha plastiki. Mimi huweka kibao cha mbao kwanza, nikabonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, ndipo nikaweka sufuria. Mizani yangu hupima hadi kilo 5 kwa hatua za gramu moja, na kila baada ya miezi michache huijaribu kwa lita moja ya maji, ambayo inapaswa kuwa karibu sana na gramu 1,000 baada ya kuondoa uzito wa chombo. Iliwahi kunionyesha gramu 960. Sababu ilikuwa betri iliyokuwa inakufa.

Vitu vidogo sana havipimiki vizuri kwa mizani ya namna hiyo, na chumvi ndiyo iliyonitatiza, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, nami siwezi kupima kile kiasi kinachoshikwa kwa ncha za vidole. Suluhisho lilikuwa kuacha kuipima kwa siku na kuipima kwa pakiti. Niliandika tarehe juu ya pakiti mpya ya gramu 500, nikapika kama kawaida, na ikaisha siku ya kumi na nane. Gawa kwa siku 18 na watu watatu, unapata gramu 9 na zaidi kidogo kwa kila mtu kwa siku, na hiyo ni kabla ya kuhesabu chumvi iliyokwisha kuwekwa ndani ya mkate na vyakula vya kopo. Ni kweli kwamba sehemu yake humwagwa pamoja na maji ya kuchemshia, lakini hata hivyo ilitosha kutueleza hali yetu. Pakiti ya sasa hutufikisha siku ya thelathini, na hakuna aliyelalamika kwamba chakula hakina ladha, kwa kuwa tulipunguza taratibu kwa miezi minne.

Hadi hapa ninazungumza kama kwamba mizani ni chombo cha kupunguzia. Nami ndivyo nilivyoinunua. Lakini nilipojumlisha ile wiki ya kwanza ya kula kama kawaida, jumla ya kalori haikuwa jambo kubwa nililoliona. Nililoliona ni kwamba nyuzinyuzi zangu zilikuwa gramu 13 kwa siku, wakati mtu mzima anashauriwa kupata angalau 25, na kwamba mboga na matunda yangu yote kwa pamoja yalikuwa kama gramu 170, wakati inashauriwa angalau 400. Sahani niliyoiona imejaa kijani ilikuwa na majani ya gramu 60 yaliyotandazwa. Majani huchukua nafasi kubwa machoni kuliko uzito wake, na mafuta hufanya kinyume chake, na macho yangu yalikuwa yakikosea pande zote mbili kila siku.

Kisha nikampima mama. Alikuwa anapungua, na sote tulisema ni uzee. Nilimwomba ruhusa, akanikubalia, ila akaniambia, “Mwanangu, pima, lakini usinipimie mbele ya macho yangu, maana nitashindwa kula.” Alikuwa na haki. Tangu siku ile hakuna mizani inayofika mezani kwetu. Kila kitu hupimwa jikoni, na mabaki yanayorudi hupimwa jikoni pia na kutolewa katika hesabu. Mama alikuwa na kilo 52, na kwa watu wa umri wake wataalamu wengi hushauri protini ya gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili, yaani kati ya gramu 52 na 62 kwa siku. Wastani wake wa wiki ulikuwa gramu 34. Asubuhi alikuwa anakula mkate na chai, mchana anaonja, na usiku ndipo anapokula kitu cha maana.

Tulimwona daktari kwanza ili kuhakikisha figo zake hazina tatizo, kwa sababu mwenye ugonjwa wa figo hapaswi kuongezewa protini hivihivi. Kisha tukaongeza yai moja asubuhi, lenye protini kama gramu 6, gilasi ya maziwa ya gramu 250 yenye gramu 8, karanga za kusaga gramu 20 zenye gramu 5 ndani ya mboga, na gramu 100 zaidi za maharage yetu zenye gramu nyingine 5. Ni nyongeza ndogo ambazo hakuna aliyeziona kama mlo mpya, nazo zilimfikisha gramu 58. Baada ya miezi mitano alikuwa na kilo 54, na alikuwa anainuka kitini bila kushika mkono wa kiti. Kwangu mimi, hilo pekee lingetosha kuihalalisha mizani hii kuwapo jikoni.

Nimejifunza pia kutozidai namba zaidi ya zinavyoweza kutoa. Hesabu ya 9, 4 na 4 inatokana na kazi ya Wilbur Atwater, mkemia wa Marekani wa mwishoni mwa karne ya 19, nayo ni wastani. Lozi, kwa mfano, zilipopimwa na watafiti mwaka 2012 kwa kuwalisha watu na kuchunguza kilichotoka mwilini bila kufyonzwa, zilionekana kutoa nishati pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko hesabu hiyo inavyosema, kwa kuwa sehemu ya mafuta hubaki imefungwa ndani ya lozi isiyosagika vizuri. Madini chuma nayo huandikwa katika jedwali kwa miligramu, lakini mwili huyafyonza yale ya nyama kwa urahisi kuliko yale ya majani na maharage, na haya ya pili hufyonzwa vizuri zaidi yakiliwa pamoja na tunda lenye vitamini C, na vibaya zaidi yakifuatiwa na chai. Daftari halijui ulikunywa chai saa ngapi. Kwa hiyo ninazungusha namba zangu kwenye makumi, na ninasoma wastani wa wiki badala ya jumla ya siku. Uzito wa mwili wangu unaweza kupanda kilo nzima kwa usiku mmoja kwa sababu ya maji tu, na niliwahi kupoteza siku ya amani nikilitafuta kosa katika daftari ambalo halikuwa na kosa.

Kuna jambo zito zaidi ambalo sitaki kulipita. Binti ya dada yangu, akiwa na miaka kumi na saba, alikaa nasi wakati wa likizo, akapendezwa na daftari langu, akaanza lake. Mwanzoni nilifurahi. Wiki ya tatu nikagundua kwamba hali chochote ambacho hakikupimwa, kwamba anapima tango, na kwamba alikuwa analia kwa sababu mume wangu aliongeza mafuta kwenye mchuzi bila kuandika. Niliiondoa mizani jikoni siku hiyohiyo, nikampigia dada yangu simu, na mtoto akapelekwa kwa mtaalamu ambaye amekuwa naye tangu hapo. Anaendelea vizuri. Muda wote anapotutembelea mizani hukaa juu kabatini chumbani kwangu, na karatasi ya sufuria hubanduliwa. Mtu mwenye historia ya kuhangaika na chakula, au kijana ambaye bado anakua, asianze jambo hili peke yake, na anayeishi naye asingoje wiki tatu kama nilivyongoja mimi.

Mimi mwenyewe sikupima kila siku kwa maisha yangu yote. Nilipima kwa miezi sita mfululizo, na sasa hupima wiki moja kila baada ya miezi mitatu. Vipimo vyangu vya mwisho vya sukari vilikuwa milimoli 5.7, nami nimepungua kilo 4, ingawa katika kipindi hicho nilianza pia kutembea kila jioni na siwezi kuipa mizani sifa yote. Katika wiki za kupima nina desturi moja niliyojiwekea: kabla ya kuweka sahani juu ya mizani, ninakisia kwa sauti na kuandika kisio langu, kisha naandika ukweli pembeni yake. Kurasa za mwaka wa kwanza zinasikitisha kusoma. Wali nilioudhania gramu 150 ulikuwa 270, na boga nililolidhania 200 lilikuwa 90. Sasa kwa wali hukosea kwa gramu 20 tu, kwa nyama chini ya hapo, na kwa maharage karibu sipotei kabisa. Mume wangu, ambaye hakuwahi kuandika chochote, siku hizi akipika huniuliza kutoka jikoni ile sufuria ya kati ilikuwa gramu ngapi, kwa kuwa mvuke umefuta mstari wake kwenye karatasi.

Mafuta tu ndiyo sijayaweza. Nikikisia 15 huwa 25, nikikisia 20 huwa 35, na imekuwa hivyo kwa miaka miwili bila kubadilika. Kwa hiyo vipimo vingine vyote nimeviachia zile wiki za kupima, lakini chupa ya mafuta bado huipima kila siku, kabla ya kuwasha jiko na baada ya kuzima.